Bado mmoja: kibofu, kazi na barabara ya Kasulo

Aliyezoea kusafiri kwenda Rusumo, mpakani na Rwanda, anaijua sauti ya konda. Basi linapunguza mwendo mahali penye kichaka cha kutosha, breki zinapiga mluzi, kisha inakuja amri: "Kuchimba dawa! Dakika tano! Kina mama kushoto!" Watu wanacheka kidogo, wanashuka, wanapotelea kwenye majani. Haoni haya mtu. Tumejipa neno la heshima, kana kwamba sote ni waganga tunaokwenda kutafuta mizizi, na neno hilo limemsitiri kila abiria, toka bibi mwenye bakora hadi kijana mwenye waya masikioni.

Kiswahili ni fundi wa mambo haya. Tunakwenda haja, tunakwenda msalani, tunakwenda uani, tunajisaidia, tunachimba dawa. Lakini tafuta neno la staha la mtu mzima ambaye mkojo umemtoka kabla hajafika huko uani. Utalikuta moja tu, kikojozi, nalo ni neno la kutaniana watoto waliolala mkeka mmoja. Mama wa miaka arobaini, mwenye watoto, biashara na mkopo wa kikoba, ataanzia wapi kujieleza kwa neno hilo?

Mimi sikuanza. Nilijificha kwa miaka minne. Nilikuwa nimejifungua mtoto wa pili na kurudi kazini, katika ofisi ambayo haina haja ya kutajwa, na siku moja kikaoni nikapiga chafya. Chafya moja ya kawaida, ya vumbi la mafaili. Wenzangu wakaniambia "afya", nami nikabaki nimekaa mpaka kikao kimeisha, mpaka watu wote wametoka, mpaka mhudumu amekuja kukusanya vikombe. Toka siku hiyo nikawa mtu wa sketi nyeusi. Khanga moja ikahamia kwenye droo ya meza. Chai ya saa nne nikaiacha kwa kisingizio cha vidonda vya tumbo. Nilipomnong'oneza shangazi yangu, alinipapasa mgongoni: "Ndiyo uzazi huo, mwanangu. Utazoea." Nikazoea kweli, na kuzoea kule ndiko kulikonichelewesha.

Mtu aliyepitia hayo huwatambua wenzake bila kuambiwa. Nilipokuwa kwenye basi la kwenda Benaco, katika kata ya Kasulo, wilayani Ngara, nilijikuta nawaona: mwanamke anayechagua kiti cha pembeni karibu na mlango wa basi, amejifunga vitenge viwili juani, na chupa yake ya maji haijafunguliwa toka Kahama. Sikumuuliza kitu. Nami nisingependa kuulizwa.

Kasulo ni mahali pazuri pa kulifikiria jambo hili, kwa sababu ni mahali palipoishi kwa watu kupita. Jina Benaco lenyewe lilitokana na kampuni ya ujenzi wa barabara. Kisha dunia ikalijua kwa njia nyingine: tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya muda wa siku moja, na vilima hivi vikageuka kambi kubwa kuliko miji mingi ya Tanzania ya wakati ule. Wenyeji walioyaona hayo watakuambia kwamba suala la choo halikuwa dogo. Robo milioni ya watu, na kila mmoja ana kibofu. Wakimbizi walirudishwa kwao Desemba 1996, barabara ikabaki. Leo inapitisha malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam, takriban kilomita 1,300 nyuma, kwenda Kigali na kwingineko, na pembeni yake wanaishi wanaoyahudumia: mama ntilie, mafundi wa matairi, wahudumu wa nyumba za wageni, mawakala wa pesa za simu, bodaboda. Kazi zenyewe ni za kusimama, kuinua, kuinama na kungoja.

Na ni kazi zisizo na droo ya kuficha khanga.

Chukua mama ntilie. Anaamka saa kumi alfajiri, anabeba ndoo ya lita 20, yaani kilo 20 kichwani, anainua sufuria la maharage, anachutama kupuliza moto, anakohoa moshi. Kila tendo katika hayo linabana tumbo, na tumbo likibanwa linakandamiza kibofu. Kinachozuia mkojo usitoke ni misuli iliyotandazwa chini ya nyonga kama kamba za kitanda. Uzazi, hasa wa mara nyingi, hulegeza kamba hizo; umri nao huongeza. Kitanda kikilegea tunakiwamba upya, hatukitupi, wala hatumwambii mwenyewe azoee kulala sakafuni.

Mama huyu akivuja matone mawili matatu, hasara yake ya kwanza ni ya biashara kuliko ya mwili. Mteja hali mahali anaponusa mkojo. Kwa hiyo atapunguza maji. Karibu kila mtu huanza na hilo, mimi pia nilianza nalo, na linatudhuru sote. Ukinywa kidogo, mkojo unakuwa mzito na mkali, unakichokoza kibofu kikutume chooni mara nyingi zaidi, na harufu yake inaongezeka badala ya kupungua. Juu ya hayo unapata choo kigumu, na utumbo uliojaa unakikalia kibofu. Kitu cha kupunguza ni chai na kahawa, hasa kahawa, ingawa kumwambia hivyo mtu wa mkoa huu wa Kagera kunahitaji moyo.

Halafu kuna choo chenyewe. Kwenye vituo vya barabarani choo ni cha kulipia. Tuseme ni shilingi mia mbili. Dereva anayeshuka mara moja hashtuki. Lakini mtu wa kibofu chenye haraka, anayekwenda mara nane toka asubuhi hadi jioni, ameshalipa shilingi 1,600 kabla hajauza sahani ya pili. Naamini wanawake wengi wanaovuja njiani huku wangepunguza kuvuja kwa zaidi ya nusu kama choo kingekuwa karibu na bure. Hayo ni makisio ya mtu anayehesabu vyoo kila anapofika mahali, wala sina utafiti wa kuyasimamisha.

Sasa nizungumze ya kujisitiri, kwa sababu mtu hawezi kungoja kupona ndipo aende kazini. Pedi ya hedhi wengi wanaitumia na wengi inawaangusha. Damu huja polepole, mkojo huja kwa kasi, na pedi ile haikutengenezwa kuukamata. Pampasi za watu wazima zipo kwenye maduka ya dawa ya mijini, ila kwa bei ya kila siku si za mtu wa kipato cha maharage. Kinachofanya kazi kwa gharama ndogo ni kitambaa kilichokunjwa kwa akili: taulo kuukuu katikati kwa kunyonya, pamba laini ya fulana upande wa mwili, kimeshonwa pembeni kisihame. Vinne au vitano vinatosha siku, vyeusi au vya rangi ya kiza. Vifuliwe kwa sabuni ya kawaida na kusuuzwa mpaka povu liishe. Dawa ya kung'arisha nguo ikibaki kwenye kitambaa hubabua ngozi. Na vianikwe juani. Najua hapo ndipo aibu inapokaba, kwa hiyo wengi huvianika chini ya kitanda, vinabaki na unyevu, vinaleta fangasi, na fangasi inaleta harufu ile ile tuliyokuwa tunaikimbia. Anika, kisha tandika khanga nyepesi juu yake kwenye kamba hiyo hiyo. Jua linapita, macho hayapiti.

Kitambaa kilicholowa nacho kinataka pa kukaa mpaka jioni. Zamani tulikuwa na rambo nyeusi, mfuko uliosimamia siri zote za nchi hii. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ikapigwa marufuku, na kwa mazingira nilifurahi, lakini nakiri kwamba asubuhi ile nilisimama mbele ya droo yangu nikiwa sina jibu. Mifuko mbadala inapitisha maji na harufu. Jibu nililipata jikoni: kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, lile la siagi au la mafuta ya kupikia. Linaonekana kama chakula cha mchana, na hakuna mtu mwenye adabu anayefungua chakula cha mwenzake.

Ngozi isisahauliwe. Osha kwa maji, kausha kwa kugusisha bila kusugua, paka mafuta ya mgando kidogo sana. Ukipaka mengi kitambaa hakinyonyi. Manukato hayasaidii. Yanawaambia watu wanuse vizuri zaidi.

Kwa wanaume wa barabara hii mambo huwa tofauti kidogo na hayasemwi kabisa. Ukitembea kando ya lami utaona chupa za maji zilizotupwa, zimejaa kitu kisicho maji. Kila mtu anajua, na utingo anajua zaidi. Dereva aliye kwenye foleni ya mizani au ya mpaka hawezi kuliacha lori. Hata baada ya Rais Magufuli na Rais Kagame kuzindua daraja jipya na kituo cha pamoja cha Rusumo tarehe 6 Aprili 2016, kungoja hakujaisha. Kwa kijana chupa ni uvivu au haraka. Kwa dereva wa miaka hamsini na tano inaweza kuwa tezi dume: imevimba, imeubana mrija, kibofu hakimaliziki, kinabaki kimejaa na kinachuruzika kama bomba lililochakaa mpira wake. Anaamka mara nne usiku. Anasimama muda mrefu, mkojo unakuja kwa kukatakata, na akishafunga suruali linatoka tone la mwisho. Tone hilo lina dawa ndogo isiyohitaji duka: kabla hujafunga zipu, bonyeza taratibu nyuma ya korodani na uvute kuelekea mbele, kilichobaki kwenye mrija kitoke. Kisha ngoja kidogo, jaribu kukojoa tena. Lakini hospitali lazima aende, kwa sababu kuvimba kwa tezi mara nyingi si saratani, na kuna wakati ni saratani, na kwa kukisia hawezi kujua. Wanaume wanaogopa kidole cha daktari kuliko mashimo ya Lusahunga. Kipimo cha damu kipo pia, na hicho kidole ni cha sekunde chache. Barabara ile ya kilomita 92 kutoka Lusahunga hadi Rusumo, kwa miaka mingi ilipokuwa mashimo matupu, iliwatesa zaidi na kwa muda mrefu zaidi.

Wapo pia wenye sukari, ambao mwili unatoa maji mengi kuliko kibofu kinavyoweza kupanga foleni, na wapo wanaomeza dawa za presha zenye kuongeza mkojo. Hao wa presha wasiache dawa. Wamwombe daktari awapangie saa ya kumeza isiyogongana na kazi. Wakati mwingine tatizo lote linaishia hapo.

Mimi aliyenisaidia alikuwa nesi mmoja mtu mzima, niliyekuwa nimempelekea mtoto chanjo. Aliniona nimekohoa na kubana miguu. Akaniuliza, akiwa anaandika kadi ya mtoto wala hanitazami, "Mama, yanakutoka ukikohoa, au yanakutoka ukiwa mbioni kwenda chooni?" Miaka minne, na lilikuwa swali la kwanza. Nikajibu kwamba ni kukohoa, kucheka na kubeba. Akasema, "Basi hiyo ni misuli. Utaifanyisha kazi."

Zoezi alilonifundisha lina jina la daktari wa California, Arnold Kegel, aliyelitangaza mwaka 1948. Unabana kana kwamba unazuia upepo na mkojo kwa pamoja, bila kukaza mapaja wala kuziba pumzi, unahesabu polepole, unaachia kabisa, unarudia. Angalau mara nane kwa kila kipindi, vipindi vitatu kwa siku, kwa miezi mitatu isiyokatika. Nililifanya nikichapa barua, nikipanga foleni ya benki, nikisikiliza hotuba ndefu, na naweza kusema hotuba za viongozi hazijawahi kunifaa kama wakati ule. Na kuna ujanja wa papo kwa papo: bana kwanza, ndipo upige chafya, bana kwanza, ndipo uinue ndoo. Kwa mwenye kibofu cha haraka njia ni nyingine, ya kukifundisha subira: kama unakwenda kila saa moja, ongeza robo saa, ukae nayo siku kadhaa, uongeze tena. Inachukua wiki sita au zaidi, na wengi huacha wiki ya pili.

Lakini kuna kuvuja kusikozuiwa na zoezi, na hapa nawaomba wasomaji tutulie.

Kuna mwanamke ambaye mkojo haumtoki kwa kikohozi wala kwa haraka. Unamtoka muda wote, amelala au amesimama, usiku na mchana, toka wiki ile alipojifungua kwa uchungu wa siku mbili, na mara nyingi mtoto mwenyewe hakuishi. Hiyo ni fistula. Kichwa cha mtoto kilikaa mahali pamoja muda mrefu mno, nyama ya kati ya kibofu na uke ikakosa damu, ikafa, ikaacha tundu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wanawake 50,000 hadi 100,000 hupatwa nayo kila mwaka duniani, karibu wote katika nchi ambako upasuaji wa kujifungua uko mbali na nyumbani. Umbali ndiyo sababu. Katika wilaya kama Ngara na Biharamulo, zenye vijiji vilivyotawanyika pembeni mwa misitu, kuna miaka ambayo mabasi yalipita kwenye mapori ya Biharamulo na Kimisi kwa kusindikizwa na polisi kwa ajili ya majambazi, na hakuna dereva aliyethubutu kusimama mtu achimbe dawa. Uchungu ukimkuta mama usiku katika hali ile, angeanza vipi safari?

Mambo yamebadilika. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16 ulihesabu vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulihesabu 104. Huduma ya uzazi inayomwokoa mama kwa wakati ndiyo hiyo hiyo inayozuia tundu. Ila waliojifungua zamani bado wapo, na wengine wameishi hivyo miaka kumi na tano wakiamini ni kurogwa, au ni "uzazi huo" wa shangazi yangu. Hawa hawafanyi kazi za kukutana na watu. Wanalima peke yao, wanakaa nyuma kanisani au hawaendi, wanauza kupitia mtoto.

Fistula inashonwa. Hospitali ya Bugando, Mwanza, wanashona, na ni karibu zaidi kwa mtu wa Kasulo. Hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, wanashona bila malipo. Ikigunduliwa mapema sana, siku chache baada ya kujifungua, tundu dogo huweza hata kujifunga kwa kuwekewa mpira wa mkojo kwa wiki kadhaa. Kilichowakwamisha wengi si kisu, ni nauli, na ndiyo maana nauheshimu ule mpango wa CCBRT na taasisi ya Vodafone ulioanza mwaka 2009: mhamasishaji wa kijijini anampata mgonjwa, nauli inatumwa kwa M-Pesa, mgonjwa anapanda basi. Mtu aliyebuni hilo alielewa umaskini. Sina uhakika kama alielewa basi. Mwanamke anayevuja muda wote akae kwenye kiti kimoja siku nzima, jirani akiziba pua, konda akipaza sauti! Kwa wengine safari hiyo ndiyo upasuaji wa kwanza, tena bila ganzi. Anayemsindikiza amchukulie viti vya nyuma, atandike kitambaa juu ya nailoni, abebe vya kubadilisha vya kutosha, na azungumze na konda mapema, pembeni, kwa sauti ya chini.

Baada ya kushonwa linabaki swali la kazi. Hiyo CCBRT ilianzisha kituo kinachoitwa Mabinti, ambako wanawake waliotibiwa hujifunza kushona na kuchapa vitambaa kwa rangi, ili wakirudi kwao warudi na mikono yenye soko. Nimekipenda kituo hicho kwa sababu kinakiri jambo ambalo hospitali nyingi hazilikiri, kwamba tundu likishafungwa bado kuna miaka ya kazi iliyopotea.

Walioajiriwa wana sheria upande wao, japo wachache huitumia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo mapumziko ya angalau dakika 60, na likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili, nusu ya pili kwa nusu mshahara. Humwambii bosi jina la ugonjwa. "Nina matibabu ya hospitali, naomba kukaa karibu na mlango" inatosha. Mama ntilie hana bosi wa kumwambia hata hayo.

Wapo wasiopaswa kujisitiri hata siku moja: mwenye damu kwenye mkojo, aliyebanwa na mkojo ukakataa kabisa, aliyeanza kufa ganzi sehemu za siri huku mgongo unauma na miguu inalegea. Hao waende hospitali leo, wakiwa na nguo waliyovaa.

Narudi kwenye lile basi. Tulisimama kabla ya Nyakahura, konda akaita kama kawaida yake, tukashuka, tukarudi. Akatembea katikati ya viti akihesabu vichwa kwa kidole, na dereva alikuwa ameshawasha. Yule mwanamke wa vitenge viwili hakuwa kwenye kiti chake. Mkoba wake ulikuwa umeondoka naye.

"Twende, twende!" kijana mmoja akasema kutoka nyuma.

Mzee mmoja upande wa dirishani akainua mkono. "Bado mmoja, konda. Mama yetu wa hapa mlangoni."

Konda akachungulia nje, akatazama saa, akatazama majani. Kisha akapiga bodi ya basi mara mbili kwa kiganja, na dereva akazima injini.